Nicolas Appert: Mpishi aliyeifundisha dunia kuhifadhi matunda kwenye chupa

KILA mwaka mvua zinapokolea katika Nyanda za Juu Kusini, pichesi na plamu zilizopandwa kuzunguka nyumba za wakulima wa Mbeya, Iringa na Njombe huiva karibu kwa wakati mmoja. Kwa wiki chache matunda huwa mengi kuliko walaji. Ndoo iliyopata bei nzuri mwanzoni mwa msimu hukosa mnunuzi katikati yake, na matunda yasiyouzwa huozea chini ya miti. Msimu ukishapita, anayetaka pichesi mjini hulazimika kununua kopo lililotoka nje ya nchi.

Kopo hilo lina historia, na historia hiyo haikuanzia kwenye maabara wala kwenye kiwanda kikubwa. Ilianza na mpishi mmoja wa Ufaransa, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakusoma sayansi. Alikuwa na moto, sufuria, chupa na subira ya miaka mingi. Jina lake ni Nicolas Appert. Maisha yake yana mafunzo mawili kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo: namna ya kuyafanya matunda yadumu, na namna mtu anavyoweza kugundua jambo kubwa lakini asinufaike nalo.

Mtoto wa jikoni

Appert alizaliwa Novemba 17, 1749 katika mji wa Châlons, kwenye eneo la Champagne linalosifika kwa mvinyo wake. Wazazi wake waliendesha nyumba ya wageni, na familia ilikuwa kubwa. Kijana huyo alikulia katikati ya mapipa, majiko na maghala ya chakula. Mapema kabisa alijifunza kutengeneza pombe, kutunza mvinyo, kupika na kuweka akiba ya vyakula.

Nyumba ya wageni ni shule nzuri ya biashara ya chakula. Mgeni huja wakati wowote na hutaka kula, msimu uwe wa neema au wa njaa. Chakula kikiharibika ghalani, hasara ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo swali la namna ya kukifanya chakula kidumu lilikuwa swali la kila siku kwa mtu wa kazi hiyo.

Alipokuwa kijana aliajiriwa kuwa mpishi wa mtawala wa Zweibrücken, nchi ndogo iliyokuwa katika eneo ambalo leo ni Ujerumani. Mtawala huyo alipofariki mwaka 1775, Appert aliendelea kumtumikia mjane wake. Mwaka 1784 aliamua kujitegemea. Alikwenda Paris na kufungua duka la vitu vitamu katika mtaa wa Lombards, mtaa wa wauza viungo na sukari. Aliuza peremende, matunda yaliyopikwa kwa sukari, jamu na sharubati. Mwaka uliofuata alioa.

Duka lilikwenda vizuri, lakini siasa ziliingilia kati. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, Appert alijiunga nayo na kushika nafasi katika uongozi wa mtaa wake. Mwaka 1794, wakati serikali ya mapinduzi ilipokuwa ikiwakamata hata wafuasi wake wenyewe, naye alitiwa gerezani. Wengi waliokamatwa katika kipindi hicho waliuawa. Yeye aliachiwa baada ya miezi michache, akaachana na siasa na kurudi kwenye kazi yake.

Njia za zamani hazikumridhisha

Watu walikuwa wakihifadhi chakula tangu zamani sana kwa kukausha juani, kukausha kwa moshi, kutia chumvi, kutia siki na kupika kwa sukari nyingi. Njia hizo zinafahamika mpaka leo katika vijiji vyetu, na mama anayeanika mboga za majani juu ya jamvi hahitaji kuelezwa faida yake.

Appert, kama mpishi, alizijua njia zote hizo na aliona upungufu wake. Tunda lililokaushwa hupoteza maji, harufu na sura yake ya awali. Chumvi hukifanya chakula kiwe kikali, na siki hubadili ladha. Sukari huhifadhi vizuri, lakini huficha ladha ya tunda lenyewe, tena ni ghali. Hoja hii ya mwisho ilikuwa nzito kwa mwenye duka. Katika Ulaya ya wakati huo sukari ililetwa kwa meli kutoka visiwa vya mbali, na kila vita ilipopamba moto baharini bei yake ilipanda.

Hivyo alitafuta njia ambayo ingeliacha tunda likaribie kuwa kama lilivyochumwa, bila kulitegemea gunia la sukari. Karibu mwaka 1795 alihamia Ivry, nje kidogo ya Paris, na kuendelea na majaribio. Hakuwa na nadharia ya kumwongoza. Alijaza chupa, akaziziba, akazichemsha kwa muda tofauti, akaziweka, kisha akazifungua baada ya wiki na miezi kuona kilichotokea. Zilizoharibika alizitupa na kujaribu tena.

Njia yake ilivyokuwa

Njia aliyoifikia ni rahisi kuieleza. Chakula kiliwekwa kwenye chupa nene ya kioo na kubakizwa nafasi kidogo juu. Chupa ilizibwa kwa kizibo kilichoshindiliwa kwa nguvu, kikafungwa kwa waya ili kisiruke. Baadhi ya vizibo vilipakwa mchanganyiko wa jibini na chokaa ili hewa isipenye. Kila chupa iliwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa kizito ili zisigongane, na hata moja ikipasuka vipande vyake visisambae. Kisha zilipangwa kwenye chungu kikubwa cha maji na kuchemshwa. Kila aina ya chakula ilikuwa na muda wake.

Siri ilikuwa katika mpangilio: ziba kwanza, chemsha baadaye. Wapishi wengi kabla yake walipika chakula na kukitia chomboni baadaye. Chakula hicho kilikuwa kimeiva, lakini kilikutana tena na hewa na chombo kisicho safi. Appert alikipasha chakula na chombo chake kwa pamoja kikiwa kimekwisha kuzibwa, na baada ya hapo hakikufunguliwa mpaka siku ya kuliwa.

Ugumu wake mkubwa ulikuwa chupa zenyewe. Chupa za mvinyo zilikuwa na mdomo mwembamba usiopitisha tunda zima. Ilimbidi aagize chupa za mdomo mpana, na mdomo mpana ulihitaji kizibo kikubwa. Vizibo hivyo alivitengeneza kwa kuunganisha vipande kadhaa. Chupa nyingi zilipasuka motoni, na kila iliyopasuka ilikwenda na chakula chake. Mjasiriamali yeyote wa Mbeya au Iringa anayesaka chupa za jamu zenye vifuniko vizuri ataitambua shida hiyo. Tangu siku ya kwanza ya kazi hii, kifungashio ndicho kilichokuwa kikwazo cha mwenye mtaji mdogo.

Kiwanda pembeni ya shamba

Mwanzoni mwa karne ya 19 Appert alianzisha kiwanda huko Massy, kusini mwa Paris. Uamuzi wa mahali ulikuwa wa kibiashara. Alipata ardhi ya kama hekta 4, akalima njegere, maharage na mazao mengine pale pale kilipo kiwanda. Mazao yaliyochumwa asubuhi yaliweza kuingia kwenye chupa siku hiyohiyo. Makumi ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliambua, walimenya, walijaza na kuziba, na idadi yao iliongezeka au kupungua kufuatana na msimu.

Alikuwa ametambua kwamba tunda huanza kupoteza thamani tangu linapochumwa. Kiwanda kilicho mbali na shamba hununua tunda lililochoka, na chupa haiwezi kulirudishia ubora uliokwisha kupotea. Katika Tanzania, kiwanda cha Dabaga cha mkoani Iringa, kinachofahamika kwa sosi za nyanya na pilipili, kimejijengea jina kikiwa katika mkoa huohuo wenye mashamba ya nyanya ya Ilula na Kilolo. Kwa mzalishaji wa nyumbani hoja ni ileile: jiko likiwa hatua chache kutoka kwenye mti, tayari ana faida ambayo kiwanda cha mjini hakina.

Bidhaa za Massy ziliuzwa Paris kwa watu wenye uwezo. Waandishi wa mambo ya mapishi walizisifu, hasa njegere zake. Gazeti moja la mwaka 1809 liliandika kwamba amepata ufundi wa kuyasimamisha majira ya mwaka. Sifa hiyo inaeleza biashara nzima: alinunua na kulima wakati wa wingi, akauza wakati wa uhaba.

Hata hivyo soko la matajiri lilikuwa dogo. Aliyehitaji chakula kingi cha kudumu alikuwa mwanajeshi na baharia. Mwaka 1803 chupa zake zilifanyiwa majaribio na jeshi la majini katika bandari ya Brest. Baada ya miezi 3 supu, maharage na njegere zilionekana kuwa bado nzuri. Lakini sifa hazikuleta fedha mara moja. Mwaka 1806 alipeleka bidhaa zake kwenye maonyesho ya viwanda mjini Paris na hakupewa tuzo yoyote.

Uamuzi wa mwaka 1810

Inasimuliwa sana kwamba Napoleon alitangaza shindano mwaka 1795 kwa atakayegundua njia ya kuhifadhi chakula cha jeshi, na Appert akashinda. Simulizi hiyo haiendani na historia, kwa kuwa mwaka huo Napoleon alikuwa bado hajashika madaraka ya nchi. Ukweli ni kwamba Appert mwenyewe ndiye aliyeiendea serikali. Mwaka 1809 chama cha kuendeleza viwanda vya Ufaransa kilichunguza bidhaa zake na kuridhika nazo. Waziri wa Mambo ya Ndani naye akaunda kamati ya wataalamu.

Hapo Appert alikabiliwa na uamuzi mkubwa kuliko wote maishani mwake. Angeweza kuchukua hataza, yaani hati ya kumlinda mgunduzi, na kwa miaka kadhaa kila anayetumia njia yake angepaswa kumlipa. Au angeweza kupokea fedha za serikali papo hapo, kwa sharti la kuchapisha siri yote ili kila raia aitumie. Alichagua la pili. Mwaka 1810 alilipwa faranga 12,000. Kibarua wa Paris wakati huo alipata kama faranga 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo fedha hizo zilikuwa ujira wa kibarua kwa zaidi ya miaka 10. Kati ya masharti, alitakiwa kutoa nakala 200 za kitabu chake kwa gharama zake mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Kilieleza kwa lugha ya jikoni jinsi ya kuchagua chupa, kukata kizibo, kuandaa kila tunda na kila mboga, na kuchemsha kwa muda gani. Kilichapishwa tena mara kadhaa na kutafsiriwa kwa lugha nyingine. Mama wa nyumbani, mkulima na mwenye hoteli wote waliweza kusoma na kufanya.

Lakini kitabu hakina mpaka. Agosti 1810, miezi michache tu baada ya siri kutolewa, mfanyabiashara wa London aitwaye Peter Durand alipewa hataza na mfalme wa Uingereza kwa njia iliyofanana na ya Appert, akiongeza kwamba vyombo vya bati navyo vinaweza kutumika. Durand mwenyewe hakuendesha kiwanda. Aliuza haki hiyo kwa pauni 1,000. Bryan Donkin na wenzake walioinunua walijenga kiwanda Bermondsey, London, na kufikia mwaka 1813 walikuwa wakiliuzia jeshi la majini la Uingereza vyakula vya makopo. Kopo halikupasuka kama chupa, lilikuwa jepesi, na lilistahimili misukosuko ya meli.

Uzee wa umaskini

Appert aliitumia zawadi yake kupanua kazi, lakini vita vilimfuata mpaka mlangoni. Majeshi ya nchi zilizompinga Napoleon yalipoingia Ufaransa mwaka 1814 na tena 1815, kiwanda cha Massy kiliharibiwa. Mtu aliyekuwa na zaidi ya miaka 60 alilazimika kuanza upya.

Hakukata tamaa. Serikali ilimpa nafasi ya kufanyia kazi mjini Paris, naye akageukia makopo ya bati na kuendelea na majaribio ya nyama, maziwa na supu ya kugandishwa. Mwaka 1822 chama cha kuendeleza viwanda kilimpa cheo cha mfadhili wa binadamu. Cheo kilikuwa kizuri, lakini hakikulipa madeni. Baadaye aliipoteza nafasi aliyopewa na serikali, na mwaka 1836 akastaafu na kurudi Massy akiishi kwa posho ndogo. Mkewe alikuwa amekwisha kuachana naye.

Alifariki Juni 1, 1841 akiwa na umri wa miaka 91. Hapakuwa na fedha za mazishi ya heshima, akazikwa katika kaburi la pamoja la maskini. Wakati huo viwanda vilivyotumia njia yake vilikuwa vikifanya kazi pande mbili za Bahari ya Atlantiki.

Alichokijua na asichokijua

Appert aliamini kwamba joto na kuzuia hewa ndivyo vinavyohifadhi chakula. Mwanasayansi mashuhuri Gay-Lussac alichunguza chupa zake na kuhitimisha kwamba sababu ni kukosekana kwa oksijeni. Wote wawili hawakuwa wamefika kwenye kiini. Ni katika miaka ya 1860, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha Appert, ambapo Louis Pasteur alionyesha kwamba chakula huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba joto huviua. Mpishi alikuwa amepata jibu nusu karne kabla ya swali kueleweka.

Kutoijua sababu kuliacha hatari moja ambayo mzalishaji wa leo hapaswi kuirudia. Kuna kijidudu kinachoitwa klostridia kinachojificha kwenye udongo, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Ndani ya chupa isiyo na hewa huamka na kutoa sumu kali inayoweza kuua, mara nyingine bila kubadili harufu wala ladha ya chakula. Kinga kubwa dhidi yake ni uchachu. Pichesi, plamu na tufaa zina uchachu wa kutosha, hivyo maji yanayochemka yanazitosha. Njegere, maharage, uyoga, mahindi mabichi, parachichi na nyama havina. Njegere zilizompatia Appert sifa ndizo ambazo mkulima wa Mbeya au Njombe hapaswi kuziweka kwenye chupa kwa sufuria ya kawaida. Zinahitaji mtambo wa mvuke wa shinikizo unaofikisha nyuzi joto zipatazo 121. Asiye nao azikaushe. Nyanya ziko mpakani: huongezwa asidi ya limau ya unga, nusu kijiko cha chai kwa chupa ya lita 1, kabla ya kuzibwa.

Jambo la pili ambalo Appert hakuhitaji kulifikiria ni mwinuko. Paris iko karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kama nyuzi 1. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500, na Njombe karibu mita 2,000. Maji yanachemka mbele ya macho, lakini hayana joto lilelile. Anayefuata kitabu kilichoandikwa pwani au Ulaya bila kuongeza muda atatoa chupa zitakazochacha.

Pichesi kwenye chupa, hatua kwa hatua

Chagua matunda yaliyoiva lakini magumu kidogo, yasiyo na michubuko. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika 1, kisha kwenye maji baridi, na ganda litatoka kwa urahisi. Kata vipande viwili, toa kokwa, na weka kwenye maji yenye limau ili yasigeuke rangi. Tengeneza maji ya sukari kwa gramu 250 za sukari kwa lita 1 ya maji. Chemsha matunda humo kwa muda mfupi, kisha yajaze yakiwa ya moto kwenye chupa safi za moto, pamoja na maji yake, ukibakiza kama sentimita 1 na nusu juu. Toa mapovu ya hewa kwa kijiko kirefu, futa mdomo wa chupa na funga kwa kifuniko kipya.

Panga chupa kwenye sufuria yenye kitambaa au kichanja chini, maji yafunike vifuniko kwa sentimita 3 hadi 5. Anza kuhesabu muda maji yanapotokota. Katika usawa wa bahari chupa ya nusu lita huchukua dakika 20 na ya lita 1 dakika 25. Kwa mwinuko wa Mbeya na Iringa ongeza dakika 10 kwa kila ukubwa. Kwa sehemu zilizozidi mita 1,800, kama Njombe na vijiji vya juu vya Makete, ongeza dakika 15. Plamu hufuata muda huohuo. Chupa zikipoa, kifuniko kinapaswa kubonyea ndani kidogo. Kisichobonyea hakikushika, na chupa hiyo iliwe mapema. Chupa inayovuja, iliyofura au inayotoa povu inapofunguliwa itupwe bila kuonjwa.

Kukausha nako kuna nafasi yake, ingawa Appert hakukupenda. Tatizo la nyanda hizi ni kwamba pichesi huiva wakati wa mvua, na jua la kuanika halitabiriki. Kwa hiyo chupa inafaa zaidi kwa pichesi na plamu, na kikaushio cha jua chenye nailoni au kioo kinafaa zaidi kwa ndizi za Rungwe, ambazo hupatikana hata wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Vipande vya unene wa milimita 5 au 6 hukauka kwa usawa. Viwe kama ngozi vikikunjwa, visitoe unyevu vikiminywa. Mkaushaji akumbuke hesabu: pichesi ni karibu asilimia 87 maji, hivyo huhitajika kama kilo 6 za nyama ya tunda kupata kilo 1 kavu. Bei ya kilo kavu isiyorudisha gharama ya kilo 6 ni hasara hata kama bidhaa ni nzuri.

Hesabu aliyoiacha

Kwa bidhaa ya chupa, matunda mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote. Chupa, kifuniko, sukari, kuni au gesi, lebo na usafiri huweza kuyazidi matunda yenyewe, hasa msimu unapofurika. Hapo ndipo vikundi hupata nguvu, kwa kununua chupa kwa pamoja na kuzikusanya tena kutoka kwa wateja wa karibu. Vifuniko visirudiwe. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mbeya na Iringa na limekuwa likitoa mafunzo ya usindikaji. Anayetaka kuuza madukani anahitaji pia kupitia Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA.

Appert alitoa ujuzi wake ukawa mali ya wote, na hadi leo hakuna anayelipa ada kuutumia. Kilichomwangusha kilikuwa vitu vingine: chupa za gharama, mtaji mdogo, kiwanda kimoja kisichokuwa na kinga, na jina la bidhaa ambalo wengine walilifunika. Anayeanza na chupa 20 jikoni kwake Tukuyu au Mafinga ana ujuzi uleule mkononi, tena akijua sababu ambayo mpishi yule hakuijua. Kazi iliyobaki kwake ni kuandika gharama za kila chupa, kubandika lebo yenye jina lake na tarehe, na kutoza bei inayoweza kununua chupa za msimu ujao.